Mstari wa Makaa

Kwetu Wanande jina humtangulia mtoto.
Hukaa mlangoni likimngoja:
mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale,
wa tatu Kasereka, akija,
na hakuna wa kuruka foleni.
Basi mimi, kabla ya kilio changu cha kwanza,
nilikuwa nimekwisha kushindwa.

Tulilala godoro moja, Ndosho, nyumba ya mbao,
na katikati ulichora mstari kwa kaa la jikoni.
"Huku Goma," ulisema, "huko kwako Gisenyi.
Ukitaka kuvuka, nionyeshe jetoni."
Nilivuka kila usiku.
Kwa visigino.

Mama alipopakua sambaza sikutazama bugali,
nilihesabu samaki:
wewe kumi na wanane, mimi kumi na watano.
Kisa, unabeba makaa.
Kisa, magoti yako yameota sugu kama ya ngamia
ambaye sote wawili hatujawahi kumwona.

Kiangazi kizima wewe na baba mlichonga chukudu.
Mkaratusi mbichi, tairi lililokatwa kwa kisu cha moto,
na mimi kando, misumari mdomoni,
nikitema mmoja mmoja mlipoita.
Ilibaki mahali pa kuweka goti tu.
Asubuhi nikaamka, nikakuta ndara yangu ya kushoto,
ya bluu, ya Noeli,
imepigiliwa ubaoni kifudifudi cha mtu aliyekamatwa.

Nilikuambia neno.
Ni fupi, lina herufi tatu,
hata darasa la kwanza wanaliandika bila kukosea.
Ulicheka, ukashuka na makaa ya watu.

Ijumaa tumbo.
Jumamosi macho yako yalirudi ndani
kana kwamba kuna aliyeyaita.
Baba alikulaza juu ya chukudu, akakusukuma hadi hemani,
mawe ya volkano yakikurusha,
nami nyuma nikikimbia na ndara moja.
Jumapili chukudu ilirudi.

Walinyunyiza klorini ukutani, mlangoni, godoroni.
Ilifuta harufu yako yote,
ile ya moshi, ile ya jasho niliyokuwa nikiilalamikia.
Mstari ulififia ukawa kijivu,
lakini haukutoka.

Majirani wananishika kichwa: "Sasa wewe ndiye mkubwa."
Mkubwa vipi? Mimi ni Kambale.
Ukiniita gizani, ukiniita shuleni, ukiniita uzeeni,
kila mwenye kujua kuhesabu atauliza
wa kwanza yuko wapi.

Mama amepakua sambaza wote kwenye sahani yangu.
Thelathini na watatu. Nimehesabu.
Kumi na wanane nimewasogeza pembeni,
akaona, akainuka kwenda kutazama jiko
lililokuwa limezimika tangu mchana.

Sijamwambia mtu lile neno.
Nilikwenda kulisema kwenye shimo la mawe meusi nyuma ya choo,
nikaogopa litamea.

Kuna mnunuzi wa chukudu, mtu wa Kibumba.
Jana, kabla ya giza, niliitoa mwenyewe
nikaweka goti juu ya ndara.
Mbele kuna alama ya kidole gumba changu.
Nyuma yake shimo la goti lako,
pana, linaniacha nafasi pande zote.
Nilishuka barabara ya Sake bila mzigo,
mikono ikitetemeka kwenye pembe,
na mtu mmoja akapaza sauti: "Paluku! Polepole!"
Kisha akashika mdomo.

Sikusimama. Sijui kama nilitaka kusimama.

Mnunuzi atakuja Alhamisi.
Nimemwambia baba ndara ile ni yangu.
Amesema anajua,
akaendelea kunyoosha msumari mmoja uliopinda,
akaunyoosha hata baada ya kunyooka.

Usiku nimelala Gisenyi, uso ukutani.
Kisha nimesogeza kisigino, kidogo,
kikavuka.
Upande wako ni baridi.
Nimengoja uniulize jetoni.