Benchi la Jumanne

Miaka mitatu tulisema yuko Turbo kwa mjomba.
Wabomba alikuwa chumba cha nyuma,
hatua kumi na moja kutoka meza yetu ya chakula,
na mgeni alipouliza ni nini kinachogonga
mama alijibu: mbuzi.
Hatukuwa na mbuzi.

Ilianza na karatasi. Alikuwa zamu ya usiku kiwandani
kabla bomba la moshi halijanyamaza
na Webuye kusahau harufu yake.
Akasema kila bunda linalotoka lina jina lake
kwa wino usioonekana; akaacha kulala ili asome.
Siku ya kwanza tulicheka.
Ya nne alirudi miguu mitupu
akaizima redio kwa shoka,
maana msomaji wa taarifa alikuwa anamsema.

Tulifanya yote yafanywayo.
Tulikesha, tulifunga, tukauza ndama
tukamlipa mtu wa Sirisia
aliyetuonyesha jino akidai kalitoa tumboni mwake.
Shangazi Nekoye alisema ni mahari ya nyanya, haikwisha kulipwa.
Shemasi alikuja na kengele, akamkemea hadi jasho likamlowa kola.
Baba hakusema kitu. Alileta kamba,
ile ya fahali,
akaupima mkono wa mwanawe
kama fundi apimavyo shati la shule.

Uji nilimpelekea mimi.
Asubuhi moja akaniuliza, kwa sauti yake ya zamani,
"Nasambu, hawa watu, wewe huwasikii kabisa?"
Nikasema siwasikii.
Akafikiri sana.
"Basi ni kazi yangu peke yangu."
Akanywa.

Siku hiyo nilikata kamba kwa kisu cha mboga.

Kliniki iko nyuma ya chumba cha meno,
Jumanne ya pili ya mwezi,
na njia nzima, yeye katikati yangu na mwenye bodaboda,
nilikuwa nakariri uongo wangu:
tumekuja kung'oa jino.

Sikupata nafasi ya kuusema.
Mwalimu Masengeli, aliyenifunza hesabu, alikuwa benchini na kadi yake.
"Nina jino," akasema, kabla sijamsalimu.
Muuza omena wa stendi alikuwa na bintiye,
mtoto wa wiki sita mapajani, na msichana
anamtazama mwanawe kama mzigo wa abiria mwingine.
Kijana wa benki, tai imekazwa.
Na pale mwisho, ukutani, bila kengele,
shemasi.
Hatukutazamana. Alisogea tu, akatupisha tukae,
joto lake bado liko kwenye ubao.

Nesi alifungua daftari lililovimba kwa majina.
Nikamwuliza, kwani tuko wangapi?
Akasema, hesabu milango ya mtaa wenu.
Usiende mbali.
Kisha akautaja ugonjwa, skizofrenia,
akiukata silabi silabi kama anayemlisha mtoto.
Neno refu. Lakini nililibeba hadi nyumbani
na halikunivunja mgongo kama lile lingine, laana.

Sitakudanganya kwamba alipona kama mtu aponavyo homa.
Dawa zimemnenepesha, ulimi wake mzito,
hulala hadi jua liko juu ya Chetambe.
Mwezi ambao rafu za dawa hospitalini ziko tupu
wale watu hurudi, wote, na ndugu zao.
Siku nyingine huwaambia, "Ngojeni, nakula,"
nao humngoja.

Baba hajaomba msamaha.
Ila juzi alimnunulia viatu,
akaviweka mlangoni bila neno,
namba moja zaidi, kwa sababu ya uvimbe wa kifundoni.

Jana alikuja mgeni, mtu wa bima, wa kutoka Bungoma.
Nyuma ya nyumba kukagonga.
Mama akanitazama.
Nikasema: huyo ni kaka yangu,
anapasua kuni, na anazipasua vibaya,
mikono inatetemeka.
Mgeni aliweka kikombe chini polepole.
Akauliza kliniki hiyo
ni siku gani.