Na

Ubao ni mmoja, futi nane kwa nne,
umeegemea ukuta wa kibanda changu cha rangi, Maweni.
Nimewaandika hapo na kuwafuta
hata brashi yangu inawajua kuliko wake zao.

Mara ya kwanza niliandika:
FAMAU NA NGUMBAO WANALETA NGUMI.
Herufi nyekundu, kivuli cheusi,
na ile "na" ya katikati nikaibana ndogo,
nafasi ilikuwa finyu.
Nani angeiona? Walikuwa wakila sahani moja,
pweza wa nazi, huyu akimmegea yule mnofu.

Usiku ule Thoya Kitsao alimlaza mtu wa Kilifi
raundi ya tatu, watu wamejaa hata juu ya ukuta wa shule.
Tiketi zilizochanwa mlangoni: mia sita na arubaini.
Tiketi zilizofika mezani: mia nne na kumi.
Alfajiri Ngumbao alinigongea, kanzu imekunjana.
"Fundi, nifutie jina la yule."
"Na hii 'na'?"
"Futa na 'na'."

Ndipo Malindi ikajua
kwamba ulingo ni wa Famau, mbao, mapipa na turubai,
lakini kamba ni za Ngumbao, risiti anayo.
Huyu akatangaza ulingo usio kamba,
yule akatangaza kamba zisizo ulingo,
Jumamosi ile ile, saa mbili ile ile,
na Thoya yumo katika matangazo yote mawili:
ametia dole gumba huku kwa gunia la unga
na huku kwa ahadi ya pikipiki.
Mimi ndiye niliyeandika yote.
Sikusema kitu. Rangi haina upande.
(Uongo. Ya Famau niliizimua kwa mafuta ya taa,
alikuwa na deni langu.)

Kisha akaingia Dama Nzai, muuza vipuri vya tuktuk,
na jozi kumi na mbili za glavu, bado zanukia duka.
"Nyinyi mna mbao na kamba," akasema,
"haya, pigishaneni makofi."

Wiki haikuisha, mahasimu wakaonekana kwa muuza kahawa,
kikombe kimoja, midomo miwili.
"Fundi, turudishe."
Nikaandika tena: FAMAU NA NGUMBAO.
Rangi haijakauka vizuri
Famau akapita uchochoroni usiku, turubai begani,
hadi mlango wa nyuma wa Dama.
DAMA NA FAMAU, nikaambiwa, na herufi ziwe za buluu.
Ngumbao alizichukua kamba zake
akafungia mbuzi.

Wagombanao ndio wapatanao, wanasema mtaani, wakicheka.
Thoya hacheki.
Jina lake lilianza na urefu wa mkono wangu,
likawa kiganja, likawa kidole.
Adhuhuri moja alisimama mbele ya ubao,
uso ameugeuza upande, akisoma kwa jicho la kushoto.
"Mimi niko wapi?"
Nikamwonyesha, chini, karibu na kiingilio.
Akaligusa. Lilikuwa bichi.
Akajifuta kwenye suruali,
akaenda zake kwa miguu kuelekea Muyeye,
na jua lile.

Jana wamekuja wote watatu, gari moja,
Dama mbele, wanaume nyuma wamegusana magoti.
Nilipokwangua ubao, gamba la rangi likadondoka
nene kama chapati;
ubavuni nikahesabu nyekundu, buluu, nyekundu, kijani,
nikaacha kuhesabu.
DAMA, FAMAU NA NGUMBAO.
"Na" nimeiweka ndogo, mkono umeshazoea.

Malipo, baada ya ngumi.
Wana bondia mpya, kijana wa Barani,
anapiga, wanasema, kama mlango uliosukumwa na upepo.
"Anaitwa nani?" nikauliza, brashi juu.
Wakatazamana,
kila mmoja akidhani mwenzake analijua.