Saa Nane Mchana

Niliandika kwa mkono wangu: mkaidi.
Jumatatu tatu, saa mbili asubuhi, sikumwona.
Kalamu ya serikali haina subira.

Kivuva, miaka kumi na sita, Kariobangi Kusini.
Kosa: kung'oa vioo vya magari, vile vya pembeni,
kumi na kimoja, mtaa mmoja, usiku mmoja.
Umeviuza wapi? aliuliza hakimu.
Mtoto akatazama viatu vyake;
kamba zilibaki kwa polisi.
Nikaandika: hana majuto.

Ndipo simu ikalia.
Nasimiyu, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili,
chumba cha mwisho, karibu na choo,
sauti ya mtu anayetafuna mlo wake mbiombio:
"Wewe ndiye wa probesheni?
Mbona unamwamsha mtoto wangu?"

Mtoto wangu, alisema.
Nami nilikuwa na faili lake.

Tulikutana Ijumaa kwa mama wa chai,
benchi moja, mvua ikisitasita.
Yeye na kadi ya buluu, mimi na faili la kaki.
Mvulana ni yuleyule, ila kwangu ni Kibuba:
nani alikosea, sijui, pengine ni mimi.

"Ameniruhusu nikwambie," akasema,
"si yote. Mengine amesema ni yake."

Vile vioo hakuuza.
Viko chini ya kitanda cha mamake, kifudifudi vyote,
maana tangu kakake azikwe
yupo anayemchungulia kutoka ndani.
Dawa anameza usiku.
Asubuhi umwite, umtikise, umwagie maji,
amelala kama gunia la mahindi.

Basi ukaidi wangu ulikuwa usingizi,
usingizi wake wa kwanza tangu Machi.

Sikuomba msamaha; ofisini kwetu hauna fomu.
Nilikata mbili, nikaandika nane,
nikakata b, nikaweka v.
Nasimiyu aliikagua kazi yangu kama mwalimu wa darasa la pili,
akaagiza chai nyingine,
akanipa namba yake, ile ya usiku pia.

Jumatatu alifika saa nane na robo.
Ukutani kwangu pana kioo kidogo
ninachochania nywele kabla ya mahakama.
Nilikuwa nimekigeuza.

Akasimama mlangoni, akautazama
mgongo wake wa kadibodi, msumari, vumbi,
kitambo.

Kisha akavuta kiti.