Chini ya Dawati

Karakana ya Shimo la Tewa, Jumanne.
Dawati la kumi na nane lanuka gundi na mvule.
Afande Charo apitisha kidole ukingoni:
"Msasa tena. Mtoto atachomwa na kibanzi."

Napiga tena.
Mkono huu ulizijua kufuli zote za Ganjoni;
herufi umezijulia humu, kwa Mwakio, mfungwa mwenzangu.

Alhamisi lori lavuka feri, laenda Mtongwe.
Huko yuko Mwanasiti, darasa la tatu,
anayeambiwa baba yuko Uarabuni.

Nalipindua dawati.
Kwa penseli ya fundi,
pale panapofikiwa na magoti tu,
naandika KOMBO.

K imetazama nyuma.
Afande aona, ageukia dirishani.
Naiacha.