Wino wa Ofisi ya Sheha

Ofisi yetu chumba kimoja, hapa Jongowe,
mawe na chokaa, meza ya miguu mitatu na tofali.
Bi Miza Jecha hufagia jua halijapanda,
humwaga maji mlangoni, nusu ndoo tu,
maana bomba la kutoka ng'ambo lina siku zake
na leo si siku yake.

Mimi karani. Naandika waliozaliwa upande wa kushoto,
waliokufa upande wa kulia,
na katikati, penye mshono wa daftari,
wale waliohamia Bububu wakasema watarudi.
Sijawafuta. Hakuna aliyeniambia niwafute.

Mcha Vuai ni tarishi. Baiskeli yake haina breki;
ana kandambili, ndizo breki.
Hupeleka wito Gomani, hurudi na ugomvi:
mbuzi wa fulani kaingia mhogoni kwa fulani,
fulani kamtukania fulani mama yake.
Tunawakalisha benchi moja, kusudi.
Benchi ni fupi. Mabega yakigusana
nusu ya kesi imekwisha.

Mshahara? Uliza kwanza wa mwezi gani.

Juzi alikuja bwana mmoja, viatu vyeupe vya turubai,
na barua iliyokwisha kuchapwa,
imebaki jina letu na muhuri.
Ilisema: ufukwe, kuanzia mkandaa wa kwanza
hadi kwenye jabali, ni mtupu, hauna wenyewe.
Alizungumza vizuri. Alileta boflo mbili za moto, na tende.
Sheha yuko Gamba mkutanoni, nikamwambia.
"Basi gonga wewe. Ni mstari mmoja."

Niliusoma mstari ule mara tatu.
Hauna wenyewe.
Vipo pale vigingi vya mwani vya mama yangu,
mia na kumi na viwili,
ndivyo nilivyojifunzia kuhesabu.
Lipo pango, mvyale hufukiza ubani mwaka ukigeuka
akitaja majina yasiyomo katika daftari langu lolote.
Lipo kaburi la mdogo wangu asiyefikisha arubaini.
Naye sikumwandika. Nilikuwa na miaka sita.

Nikafungua kibweta. Muhuri ninao.
Bi Miza aliacha ufagio. Mcha kasimama kizingitini,
baiskeli imemwegemea kama mgonjwa.
Hakuna aliyesema neno. Siye hatukusomea ubishi,
tumesomea kujaza fomu.

"Wino umekauka," nikasema.
"Umekauka?"
"Tangu Rajabu," akadakia Bi Miza,
mwanamke asiyesema uongo ila wa umri wake.
"Na wa Mkokotoni umekauka," akasema Mcha,
na huko hakuulizwa.

Yule bwana alitazama vidole vyangu.
Vilikuwa buluu hadi pingili ya pili:
asubuhi ile niligonga karatasi za watoto saba.
Tukatazamana. Akakunja barua yake, akaacha tende.

Najua atarudi. Wino unauzwa dukani, na bei yake si kitu,
na huko juu ipo mihuri mikubwa
kuliko huu wangu wa duara, wenye ufa.
Sijidanganyi. Hata tende tulizila.

Ila usiku ule niliketi na daftari jipya
nililolinunua kwa pesa yangu mwenyewe.
Sijui ni la idara gani. Halina namba.
Nikaanza: kigingi cha kwanza, cha Mtumwa Foum.
Cha pili, chake. Cha tatu alimpa mkwewe,
wakagombana, akakirudisha.
Nikaandika pango. Nikaandika njia ya kwenda pangoni,
na mkandaa uliokatwa, na aliyeukata.

Nikafika kwa mdogo wangu. Jina nilikuwa nalo,
mwaka sikuwa nao.
Nikamwamsha mama.
Alikaa kitako gizani, akafunga kanga yake upya,
akanyamaza muda mrefu, nikadhani amelala tena.
"Andika," akasema, "mwaka tulipochimba kisima cha kusini
kikatoa maji ya chumvi."

Nikaandika hivyo hivyo.
Chumvi.