Tundu la Ufunguo

Lugha yetu haikujisumbua: risasi ni madini,
risasi ni kile kitokacho mtutuni.
Baba alilipenda hilo. Jina moja, alisema,
katikati pana moto tu.

Aliyeyusha vipande vya kusawazishia magurudumu
alivyopewa na Ndekirwa wa gereji ya Himo,
ndani ya sufuria ambayo Mama aliisusa,
nje, mbali na jiko, karibu na mgomba wa mshare.
Sisi watoto tulikaa kule upepo unakotoka,
kwa amri.
Takataka zikielea, alidondosha nta ya nyuki,
akakoroga, akachota, akamimina kwenye kalibu:
vipande viwili vya shaba vilivyofumbana
kama viganja vilivyoficha panzi.
Akahesabu hadi kumi na mbili. Akafungua.

Pia.
Ndivyo tulivyoiita, maana ilikuwa na ncha na tako,
na maana mtutu ulikuwa na mifuo ndani,
imejipinda kama mfongo unavyokizunguka kilima
ili maji yafike kwa jirani.
Mifuo itaizungusha, alisema, isimame hewani
kama pia yako isimamavyo sakafuni.

Gobore lenyewe lilikuwa jembamba.
Kidole changu cha mwisho hakikupita mdomoni mwake.
Lilikuwa la kibali, namba imechongwa kitakoni.
Nyani wa Miwaleni hawakujua kusoma namba.

Jumamosi, shamba la tambarare, mahindi yana ndevu.
Alipima baruti kwa kipande cha pembe ya mbuzi,
akaisukuma pia kwa mdeki mpaka ikakaa,
akagonga mara mbili, si tatu,
akaniachia fataki niibandike mwenyewe.
Nilikuwa na miaka kumi na minne, meno yanagongana.
Shabaha: karatasi ya mfuko wa saruji, hatua sitini,
nyuma yake kichuguu.

Moshi mweupe. Harufu ya yai viza.
Nyani wakanyamaza, kisha wakacheka, naapa.

Tulikuta tundu refu lenye kichwa,
tundu la ufunguo kabisa, kama la kabati la Mama.
Imepiga ubavu, alisema Baba. Imelala njiani.
Akapiga yeye. Ubavu.
Akaongeza baruti. Ya tatu hatukuiona hata karatasini.

Hakutukana. Alikaa juu ya debe,
akashindilia kitambaa cha mafuta mtutuni,
akauvuta mdeki polepole, akitazama unavyogeuka mkononi:
nusu mzunguko tu, toka chini hadi mdomoni.
Mifuo mivivu hii, akasema. Ilichongewa goroli.
Pia ndefu inataka mfongo wenye kona kali.
Na kwa kuwa mtutu haushauriki,
akatoa tupa, akaanza kuipunguza pia.

Mpaka jioni tulikuwa nazo fupi, nene, hazina fahari,
kama vidonge vya kwinini.
Tundu likatoka duara. La pili likaligusa la kwanza.
Baba aliikunja karatasi mara nne
akaitia mfuko wa shati,
pale pale alipoweka sadaka ya kesho.

Nyani hatukumpata hata mmoja. Mlio ulitosha,
kwa muda. Kisha haukutosha tena,
tukalima alizeti.

Tulipomaliza matanga nililipeleka gobore kituoni,
limefungwa kwenye khanga, kibali juu.
Koplo akachungulia mtutu kwa jicho moja.
Na risasi zake?
Zimeisha, nikasema.

Uongo mdogo. Ile ya kwanza kabisa,
niliyoichimbua kichuguuni kwa kijiti,
shingo imepinda, ubavu umebonyea,
ninayo kwenye droo ya cherehani.
Huiweka juu ya vitambaa visipeperuke.
Siku wateja wakichelewa huizungusha mezani kwa vidole viwili.
Inajitahidi, inayumba, inalala,
ncha ikielekea popote.