Mistari Miwili

Kipande cha nyonga ya Bi Subilaga
kimefika kutoka Tukuyu, hakizidi njiti ya kiberiti,
upande mmoja kimepondeka. Sindano, au mkono wa daktari,
sijui.

Alimeza vidonge vya njano mara mbili,
katikati siku kumi. Faili ndivyo linavyosema.
Chumbani gizani, chini ya hadubini, mfupa mpya
hung'aa mistari miwili, nami hupima uwazi ulio kati.

Naona mmoja.

Labda mfupa ulipumzika. Labda dozi ya pili
ilibaki fundoni mwa kitenge siku ya kupalilia viazi.
Labda kisu changu kimekwenda mshazari,
na mshazari hudanganya upana:
kata karoti, utaona.

Dirishani ukungu umeumeza mlima Loleza hadi kiunoni.
Nikiupima kwa hii miguu inayoonekana,
nitasema nini juu ya kilele?

Miaka arobaini amebeba mikungu ya ndizi;
seli zikibomoa, seli zikijenga,
bila kunisubiri mimi na rula yangu.

Kwenye safu ya jibu naandika: *haikupimika*.
Halafu nampigia simu.
"Mama, zile za pili ulizimeza?"

Kimya. Jogoo wake anawika.

"Za pili zipi?"